Mkono wa Kushoto wa Mama

Madungu, Chake Chake, 1960

Kwako Da Mize,

Salamu nyingi. Kanga ulizotuma zimefika salama, na paa la jikoni limeshaezekwa. Najua unauliza habari za mama, nami nakujibu kanga na paa.

Mama amepooza upande wa kulia. Yumo wodini mwangu. Mafunzoni huko Unguja tulifundishwa kwamba nesi asimfanyie mgonjwa jambo analoliweza mwenyewe, basi nikamtia kijiko mkono wa kushoto. Akakitupa.

"Nile kwa mkono wa kuchambia?"

Shangazi Moza akaninyang'anya bakuli, akamlisha mwenyewe, akaniambia sina huruma. Labda kweli. Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui niendako.

Leo shangazi hakuja. Uji ulipoanza kupoa nikashindwa kuvumilia, nikashika kijiko nimlishe. Mama akanipokonya kwa huo huo mkono wa kushoto.

"Mungu ananijua. Wewe geuka, usinitazame."

Nikageukia ukutani. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli, kinagonga tena, mpaka bakuli likawa tupu.

Njoo, dada yangu, njoo upesi. Lakini ukifika, usimlishe.

Mdogo wako,
Khairiya