Filimbi Iliyochelewa

Masuguru, Korogwe,
Jumapili, 11 Agosti 2024.

Kwako baba yangu, Mzee Mwinjuma,

Shikamoo baba. Kabla hujaendelea kusoma mfikishie mama shikamoo yake, maana akiona tu karatasi mkononi mwako atauliza kama nimemsalimu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Awadhi siku ya Idd unapaka, au bado imekaa dirishani? Na mahindi mmemaliza kuyaingiza ndani? Bibi Maryamu je, ameshakubali kutembea na fimbo? Huku tu wazima. Mama mdogo Tatu ana jino linalomsumbua, ila halimzuii kuongea, na anawasalimu nyote.

Baba, Jumanne uliponipigia simu ulikuwa na hasira. Ulisema vijana wenu wa Handeni, timu ya Chapakazi, wameporwa ushindi mchana kweupe hapa Korogwe. Ulisema kaka Awadhi alifunga bao safi la kichwa zikiwa zimebaki dakika mbili, watu wakashangilia, halafu refa, tena refa mwenyewe msichana, sijui wamemwokota wapi, akalikataa bao kwa kusingizia mkono. Ukauliza kama kweli aliuona huo mkono, mbona hakupiga filimbi papo hapo? Alikuwa anangoja nini? Ukasema anayengoja ana lake jambo. Mimi nikajibu, “Pole baba,” nikakuaga kwamba maji yanachemka jikoni. Hapakuwa na maji jikoni. Ndiyo maana leo naandika. Kwenye simu ningekimbia tena.

Nianze na Jumamosi zangu. Niliwahi kukwambia kwamba Jumamosi alasiri tunabaki kwa fundi kushona sare za shule. Mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini huu ni mwaka wa pili, baba, Jumamosi alasiri mimi niko kiwanjani.

Siku moja nilikuwa nakwenda kumpelekea mteja magauni Old Korogwe, nikapita kando ya uwanja nikakuta mechi imesimama. Vijana wanazozana kuhusu bao. Katikati yao yuko Mwalimu Mathias, anayefundisha shule ya msingi na ndiye mwamuzi wa mechi za mitaa hapa, akiwauliza nani kati yao anaweza kumweleza kuotea ni nini. Kila mtu anapiga kelele na hakuna anayejibu. Mimi na kapu langu kichwani nikajikuta nimejibu, kwa sauti, jambo zima: mpira ulipokuwa wapi, beki awe wapi, hesabu ianze wakati gani. Mwalimu akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nimejifunza kwa baba yangu, likizo za shule, tukipukuchua mahindi na kusikiliza mpira kwenye redio. Nikamweleza jinsi ulivyokuwa ukipanga punje kwenye mkeka, hizi mabeki, hizi washambuliaji, gunzi ndilo goli. Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akanipa kibendera, akaniomba nisimame pembeni mwa uwanja mpaka mechi iishe. Mteja wa magauni alinisubiri, na mimi nikachelewa kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alinipa kitabu cha sheria kumi na saba, nikawa nakisoma kibandani kwa fundi nikishikiza pindo. Mara ya kwanza kupewa filimbi nilipuliza kinyonge, hakuna mchezaji aliyesimama, vijana wakaniuliza kama nimefunga saumu. Rafiki yangu Rosina, tunayeshona naye, akanipeleka kwenye mkonge nyuma ya nyumba zao, kusiko na watu, nikapuliza mpaka mbwa wa jirani wakahama. Nguo za uamuzi nimezishona mwenyewe: shati jeusi la mikono mirefu, suruali pana nyeusi, ushungi unaobanwa vizuri usipepee nikikimbia, na mfuko wa kadi kifuani. Usiwe na wasiwasi, baba, nimejisitiri kuliko wanavyojisitiri wachezaji.

Sijui nikueleze vipi ninavyojisikia. Siku sita nimeinama kwenye cherehani, shingo inauma. Siku hiyo moja nakimbia. Vijana wakubwa kunizidi wanakuja wamefura, wanataka kupigana, nanyoosha mkono kuonyesha mpira uende wapi, na unakwenda. Mechi ikiisha wananipa mikono, walioshinda na walioshindwa. Watoto wa mtaani siku hizi hawaniiti Shamsia, wananiita Refa. Mwanzo mama mdogo alikataa katakata. Akaja kuniangalia mara moja ili apate ushahidi wa kunishtaki kwako. Sasa anakuja kila wiki na kigoda chake, na akiona mchezaji ananibishia anasimama yeye kabla yangu.

Basi yakaja mashindano haya ya vijana wa Handeni na Korogwe, aliyoyaandaa Mzee Matayo wa mbao. Fainali wakaingia Chapakazi wenu na timu ya Dindira, vijana wa kwenye mashamba ya chai, wenye pumzi za milimani. Mwalimu Mathias ndiye aliyepangwa kuchezesha, mimi nikashika kibendera. Mpaka mapumziko hakuna aliyefunga. Tukiwa tunarudi uwanjani Mwalimu akashikwa na msuli wa paja, hawezi hata kutembea. Kwa utaratibu wetu mshika kibendera wa kwanza ndiye anayechukua filimbi.

Ndiyo, baba. Refa yule msichana, ambaye hujui wamemwokota wapi, ni mimi.

Tafadhali usiiweke barua chini, bado sijamaliza. Nilimwambia Mwalimu palepale kwamba namba tisa wa Chapakazi ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo atafute mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine. Akawaita manahodha wote wawili, akawaambia wazi, akasema mmoja wao akikataa mechi itaahirishwa. Hashim, nahodha wenu, akakubali haraka huku anatabasamu, na mimi nikajua anatabasamu kwa nini. Enock, nahodha wa Dindira, hakutabasamu. Aliniuliza, “Dada, kaka yako akikosea, utampigia?” Nikamwambia nitampigia. Akasema basi twende. Hakuniomba kiapo wala kitu chochote. Sijawahi kupewa heshima kubwa namna ile.

Sasa nije kwenye bao. Ilikuwa kona. Nilikuwa nimesimama pembeni kidogo ya eneo la hatari, jua liko nyuma yangu, naona kila kitu. Mpira ukaja juu. Awadhi akaruka, na ngumi yake ikatangulia kichwa chake. Niliiona kama ninavyoiona kalamu hii. Watu walikuwa nyuma yake na mbele yake, hakuna aliyeona ila mimi. Hata mshika kibendera wa upande ule alikuwa amezibwa. Mpira ukaingia, Fuso zima la vijana wenu likamwagika uwanjani.

Uliuliza mbona nilingoja. Swali lako ni la haki, na ndilo lililonifanya nisilale vizuri wiki nzima. Nilingoja kwa sababu filimbi ilikuwa mdomoni na sikutaka kuipuliza. Nilikuona wewe, baba. Nilikuona unavyosubiri simu ya Awadhi, unavyotembea na habari kutoka nyumba hadi nyumba. Nikasema moyoni hakuna aliyeona, nani atauliza? Nikavuta pumzi mara tatu, labda nne. Kwa muda huo, baba, mwanao alikuwa mwizi. Halafu nikamwona kipa wa Dindira. Alikuwa amekaa chini, hakupiga kelele, hakunyoosha mkono. Alinitazama tu, anangoja niseme kilichotokea. Hapo nikapuliza, na kwa nguvu ile ya kule kwenye mkonge.

Yaliyofuata umesimuliwa. Walinizunguka, wakanisukuma, nikaitwa majina ambayo siwezi kumwandikia mzazi. Awadhi akaja mpaka usoni pangu akaninong'oneza, “Shamsia, ni mimi.” Nikamwambia ndiyo, najua, na nikampa kadi ya njano. Mechi ikaisha sare, na kwenye penalti Hashim akapaisha ya mwisho, Dindira wakaondoka na mbuzi na jezi za zawadi. Enock alinipa mkono akasema “Asante dada,” basi. Nilikwenda nyuma ya jengo la shule nikalia, kisha nikanawa, nikarudi kukusanya vibendera.

Nilishangaa wewe kutoambiwa refa ni nani. Vijana waliokuja na Fuso hawanifahamu, maana niko huku tangu darasa la nne. Awadhi na Hashim walinifahamu, wakanyamaza. Nimejua sababu wiki hii. Siku ya Nane Nane Awadhi alibisha hodi hapa, hakuwa na mfuko wala salamu za mtu. Mama mdogo akamwekea ugali wa bada na kisamvu, akala nusu, kisha akasukuma sahani akasema ilikuwa ngumi. Akasema hakupanga, mkono ulikwenda wenyewe, na baada ya hapo kila mtu akamwita shujaa aliyedhulumiwa, akashindwa kurudi nyuma. Hashim naye aliona aibu kusema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenikubali. Na kilichomsumbua Awadhi zaidi ni wewe. Ameniambia jirani yako Mzee Abraham alisema huenda mkono ulikuwepo, ukamfokea mbele ya watu, na hadi yeye Awadhi alipoondoka huko mlikuwa hamjasalimiana. Alisema anapita mlangoni kwa Mzee Abraham ameinamisha kichwa. Kisha kaka yangu, ambaye hajawahi kuniomba radhi hata aliponivunjia kioo changu, aliniomba radhi kwa kunitisha uwanjani. Akasema pia kwamba nilipopuliza aliona ahueni, kwa sababu alijua angelibeba lile bao maisha yake yote.

Baba, nakuomba unisamehe mambo mawili. Nisamehe kwa kukuficha Jumamosi zangu, na kwa zile pumzi tatu au nne. Kwa filimbi yenyewe siombi msamaha. Naijivunia kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, na najivunia kwamba niliyajua haya kwenye mkeka wako. Ukitaka kunikataza kuchezesha, nikataze wewe mwenyewe, lakini uje kwanza uone. Jumamosi tarehe ishirini na nne nimepangiwa mechi huko huko Handeni, na safari hii Mwalimu amenipangia filimbi tangu dakika ya kwanza. Njoo na mama. Nikikosea nizomee kama wengine. Nitasikia sauti yako, lakini sitageuka mpaka mechi iishe.

Nisalimie Bibi Maryamu, mwambie kanga yake nimeikunja pindo tayari. Wasalimie majirani wote, na Mzee Abraham mwendee umsalimie wewe mwenyewe kwa mguu wako, hata kama goti linauma. Mungu akuweke, nami anipe tena nafasi ya kukaa karibu nawe.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Shamsia Mwinjuma.

Barua hii sikuituma kwa mtu baki. Nimempa Awadhi, naye ameniahidi kukaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Kwa hiyo yuko hapo sasa hivi, baba, anaangalia miguu yake. Muulize mwenyewe ulikuwa mkono upi. Lakini mpe kwanza chakula, ametoka huku asubuhi bila kula, alisema hawezi.