Waya Nilioufunga kwa Mpira wa Baiskeli

Mdogo wangu Rashidi,

Kosa la wengi katika kazi yetu ni kudhani kwamba picha ni kamera. Wananunua kamera nzuri, halafu waya unaopeleka picha kwenye runinga wanaufunga kama gunia la korosho. Mimi ndiye niliyekufundisha kuutunza waya, tulipokuwa tukifunga runinga kubwa kwenye sherehe za Chiungutwa na Lukuledi. Nilikueleza kwamba ndani ya ule waya mnene kuna uzi mmoja wa shaba, uliozungukwa na plastiki laini na juu yake wavu wa chuma, na uzi huo lazima ukae katikati. Ukiubana au kuukunja kwa pembe kali, unahama, na picha inaanza kukatika. Ukanijibu, "Kaka, waya huu unadekezwa kuliko shemeji."

Siku ile Newala, ya kuwatoa wari wa unyago, Baba Zuhura alivuta kiti akakaa karibu na nguzo tuliyofungia waya. Mtani wetu yule hakuwahi kuja kwenye sherehe akatulia.

"Nyie mafundi au wezi wa mbuzi? Mafundo yote haya ya nini?"

"Mzee, kaa mbali na waya," ulimwambia.

"Leteni kuku. Bila kuku naukata, na wari wenu hawataonekana."

Tulicheka wote. Kisha wari wakatoka, wamefunikwa khanga kichwani, na picha ikapasuka vipande, ikawa nyeusi. Vigelegele vikakatika. Mtu akasema, "Mtani kaukata." Ukachomoa mguu wa chuma wa stendi ya kamera.

Pigo la kwanza lilimpata begani, naye alikuwa bado anacheka, akidhani na wewe unatania. La pili lilimpata mdomoni, nikaona jino likianguka kwenye udongo mwekundu. La tatu lilimpasua jicho la kushoto. Wengine wakaja na mateke na fimbo, wakamkanyaga kifua huku akiita jina la binti yake. Nilikupiga ngumi ya shingo ndipo ukaachia chuma. Shati lako jeupe lilikuwa limelowa damu yake. Ukakimbia, na baadaye tukasikia umevuka Ruvuma.

Sasa nikwambie nililolificha miaka mitatu. Baba Zuhura alipokwisha kupakiwa garini kupelekwa hospitali Ndanda, nilirudi kukunja vifaa. Waya haukuwa umekatwa. Asubuhi ile kamba zetu za plastiki zilikuwa zimeisha, nikachana mpira wa baiskeli, nikauzungusha kwenye nguzo na kuukaza kwa kukanyaga, kama tunavyokaza gunia kwenye keria. Chini ya fundo langu waya ulikuwa umebonyea. Jua lilipopanda, plastiki ililainika, uzi ukahama ukagusa wavu wa nje, na picha ikafa. Nilikikata kipande kile kilichobonyea nikakitia mfukoni. Watu walisema mtani ndiye aliyeukata, nami nikawaacha waseme.

Wiki iliyopita nilikipeleka kwake. Alikipapasa kwa kidole muda mrefu, nami nikamweleza yote. Chai ilipoa mbele yetu.

"Kwa hiyo jicho langu limeliwa na mpira wa baiskeli," alisema.

Akanirudishia kile kipande mkononi.

"Mwambie huyo mwizi wa mbuzi arudi. Hili moja linanitosha kumcheka."

Mkewe hakucheka. Alitoka nje, hakurudi mpaka nilipoondoka. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba umesamehewa na nyumba nzima. Hata kama angeukata kweli, mtani hapigwi. Hilo unalijua tangu utotoni, na pigo ni lako. Fundo ni langu. Nimekwenda kusema hivyo kwa wenye sherehe, na barua hii naiacha wazi ili kila aliyekuwepo aisome.

Bado nafunga waya. Kila nguzo ninayofika naona mguu ule wa chuma ukipanda na kushuka. Naacha mkunjo mpana, nafunga kwa kitambaa, nautikisa waya kujua kama unapumua. Nimekukosa kwenye ncha ya pili ya waya, ukiniuliza kama picha imefika.

Huko ng'ambo uliko, Mungu akutunze mpaka tuonane.

Mimi kaka yako, niliyeufunga waya ule.

Leo, kabla hujashika kazi yoyote, mpigie simu Baba Zuhura umpe shikamoo yake.