Mashine Iliyosema Damu Yangu Ni Chafu

Jumatano, Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mvua ya asubuhi imekatika, matope ya sokoni yameanza kunuka, na mimi nimeshinda na kinyaa hadi chai imenishinda kunywa.

Kinyaa cha mtu, si cha matope. Acha niandike kabla sijapoa.

Mnaonisoma hapa mnajua nauza vitenge. Msichojua ni kwamba tangu Ramadhani iishe, moyo wangu ulikuwa ukienda mbio bila sababu. Nimekaa, sijabeba kitu, sijagombana na mtu, mara kifuani kunaanza kudunda kwa nguvu hadi nausikia shingoni. Mara nyingine unasita, nami nasita nao, nikingoja kuona kama utaendelea.

Nikakonda. Mikono ikawa inatetemeka nikishika mkasi. Wenzangu wakati wa baridi ya jioni wanajifunika, mimi natoka jasho. Mwanzoni walinisifu kwamba nimepungua vizuri. Kisha sifa zikaisha, minong'ono ikaanza. Mwanamke amekonda, mume wake ni dereva wa malori ya Kongo, jaza mwenyewe. Mmoja nilimwona akisuuza kikombe nilichonywea, akakinusa, halafu akakiacha.

Nilishapima huo ugonjwa wanaoufikiria. Sina. Na hata ningekuwa nao, kikombe kingekuwa na kosa gani?

Aliyebaki karibu nami ni Kavira, jirani yangu wa kibanda. Ni Mkatoliki wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, alikimbia vita na watoto wake, sasa anauza mafuta ya mawese. Siku moja aliniwekea mkono mgongoni, akashtuka.

"Mama Sauda, roho yako iko napiga mbiyo sana! Kuko docteur moja mu soko, iko na mashine. Twende akuangalie."

Tukaenda. Sikumlaumu, silaumu hata leo. Alitaka nipone.

Huyo "daktari" alivaa koti jeupe lenye kola nyeusi kwa jasho. Alinipa chuma cha kushika, kimefungwa waya hadi kwenye kompyuta. Chuma kilikuwa bado kina unyevu wa viganja vya waliotangulia. Hakukifuta. Kwenye kioo zikapita picha za rangi, ini, figo, moyo, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza.

"Damu yako ni chafu, mama. Ndiyo maana moyo unahangaika kuisukuma."

Hakunishika mkono kusikiliza mapigo. Hakuniuliza ilianza lini. Hakuuliza nakula nini, nalala vipi, wala kama nina mimba.

Akanipa unga wa kahawia wa kukoroga katika maji ya moto. Ulikuwa na harufu ya samaki aliyelala juani, halafu juu yake utamu kama wa peremende. Nilikuwa naziba pua, nakunywa, natapika kidogo, namalizia. Moyo ukazidi kudunda. Lakini alikuwa ameshanionya: "Ukiona unazidi, ujue dawa inafanya kazi."

Hilo ndilo neno linalonichefua kuliko ule unga. Alinifundisha kuipuuza hatari yangu mwenyewe.

Siku ya soko nilikuwa namkatia mteja kitenge. Kifua kikabana, pumzi ikawa fupi, macho yakaingia giza. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa juu ya mapaja ya Kavira. Alikuwa amepiga teke dumu lake kwa kunikimbilia, na mafuta mekundu yalikuwa yanatiririka hadi chini ya meza za watu.

"Mafuta yako," nikamwambia.

"Wacha mafuta! Tunaenda ku hôpital, sasa hivi."

Akasimamisha gari, tukaenda hadi Kasese.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Jambo la kwanza alilofanya ni kunishika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Nilitaka kulia kwa sababu hiyo tu. Akanibandika nyaya kifuani kupima mwendo wa moyo, akatoa damu, kisha akaniambia nimeze mate huku anaangalia shingo yangu.

Majibu ya damu yalipotoka, alinieleza. Kuna tezi hapa mbele ya shingo inayopanga kasi ya mwili mzima. Yangu inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo inayonikondesha, ndiyo inayonitoa jasho, na ndiyo inayoukimbiza moyo.

Nikamwonyesha ule unga. Akaunusa, uso ukakunjamana. "Sijui kuna nini humu, mama. Na aliyekupa naye hajui. Uache leo."

Kavira akamuuliza daktari swali ambalo mimi niliogopa kuliuliza. "Musawo, sasa mutu atajuaje? Hata miye roho inapigaka nikipanda mulima."

"Ukipanda mlima lazima idunde," daktari akamjibu. "Ukiogopa itadunda, ukinywa kahawa nyingi itadunda, halafu itatulia. Lakini ikidunda umekaa tu, ikawa inarudirudi, au inaruka bila mpango, njoo upimwe. Na ukizirai, kifua kikibana au pumzi ikikosekana, usingoje kupambazuke. Njoo hivyo hivyo."

Nimekuwa nikimeza vidonge vyangu tangu hapo. Mikono imetulia. Bado narudi kupimwa damu, na ameniambia safari ni ndefu, ila usingizi nimeupata.

Leo nikarudi sokoni. Na yule wa mashine yupo. Koti lile lile, chuma kile kile, foleni imeongezeka.

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa soko. Akasema mtu huyo ana kibali cha kukaa pale. Sikumuuliza kibali cha kukaa. Nilimuuliza kibali cha kutibu. Akatazama simu yake.

Basi nikasimama mbele ya foleni, nikasema yaliyonipata, yote, hata matapishi. Kavira akapaza sauti nyuma yangu: "Anadanganya batu! Alikuwa ataua huyu mama!"

Yule mtu akacheka. "Huyu hakumaliza dozi," akawaambia. Nao wakacheka pamoja naye. Akampa chuma mzee aliyefuata, na mzee akakipokea kwa mikono miwili kama anapokea baraka.

Nilikwenda nyuma ya vibanda nikatema mate.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alinifuata. Anaitwa Masika, ametoka Kyarumba, huko milimani, na kahawa yake. Alikuwa kwenye foleni, ametoka.

"Mama, na mimi naanguka," akasema taratibu. "Napanda na mzigo kwa kichwa, roho inaruka, naanguka. Kwetu wanasema ni uvivu."

Nikamwambia hospitali iko Kasese, naweza kumsindikiza. Akaangalia miguu yake yenye tope.

"Huko wanasikiliza mtu?"

"Mimi walinisikiliza."

Analala kwangu leo. Asubuhi tunaondoka, kibanda kitafungwa, na wanaotaka kunong'ona wanong'one.