Kisanduku Kilichowashwa Pwani

Oman, 9 Februari 2024

Mama yangu,

Ugonile. Mimi mzima, ila mgongo. Goti lako linasemaje, na mvua za Nkunga?

Uliuliza kazi yangu. Nakunja parachuti za watu wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa starehe tu. Usicheke. Kila mkoba wa parachuti una kisanduku kidogo. Mtu akizimia angani, akashindwa kuvuta kamba, kisanduku kinapima hewa, na kikiona ardhi imekaribia kinafungua parachuti ya akiba chenyewe. Nakiamini kuliko ninavyojiamini.

Tumeagizwa tuviwashe uwanjani wanakotua, kule mlimani, lakini kuna baridi. Mimi naviwasha stoo, huku pwani, kisha nalala garini njiani. Jumamosi ya tarehe 17 Amoni wa Masukulu, ninayekaa naye chumba kimoja, ataruka mara ya kwanza.

Mwanao, Lugano

Nkunga, 11 Februari

Mwanangu Lugano,

Nashukuru kwa salamu. Goti linauma, nalima hivyo hivyo.

Nikuulize, usinikasirikie. Nilipokwenda msibani Kyela kwa dada yako Neema, niliyapika maharage kama ninavyoyapika hapa. Nikayabandika, nikaenda kukaa na waombolezaji. Narudi, yamekuwa uji. Wanawake wa kule wakanicheka: "Mama wa milimani, huku chini maharage hayamngoji mtu." Moto ulikuwa sawa. Nilipika kwa hesabu ya hewa ya kwetu, inayochelewesha maharage.

Sasa hicho kisanduku, ukikiwashia pwani, kitajuaje kwamba ardhi ya Amoni iko mlimani?

Mama yako, Tusekile

Nkunga, 20 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Jumamosi imepita, simu yako haiiti. Nimekutana na mama yake Amoni sokoni Tukuyu, akaniuliza habari za mwanawe. Nimemwambia mzima. Nimemwambia kweli?

Mama yako

Oman, 27 Februari

Mama,

Ugonile. Ulimwambia kweli. Nilizima simu kwa aibu.

Maneno yako niliyasoma kwenye simu Jumamosi hiyo garini, tukipanda. Usingizi ukaisha. Kisanduku kingedhani ardhi iko usawa wa bahari, kingengoja Amoni afike huko, na uwanja uko mita mia tano juu yake.

Amoni alikuwa ameshavaa mkoba. Nikamwambia, "Vua."

"Wivu huo, Lugano. Ruka na wewe."

Nikamwita msimamizi, nikamweleza yote, miezi minne yote niliyoviwashia pwani. Hakunifokea. Alivizima vyote, akaviwasha upya pale pale, kisha akanipa ufagio.

Amoni aliruka, akavuta kamba mwenyewe, akatua kwa makalio. Kisanduku hakikufanya lolote. Hata walioruka miezi hiyo minne, wote walivuta kamba wenyewe. Angezimia mmoja tu, kisanduku kisingemwokoa.

Sasa nafagia uwanja. Kazi yangu amepewa Ezron, kijana wa Matwebe, niliyemsimulia habari ya maharage yako. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, ananiita: "Mwana wa maharage, njoo uone tuko wapi." Naacha ufagio, naenda, nasimama pale na baridi yote mpaka amalize.

Mwanao, Lugano