Kwa Mtani Niliyemfukuza Msibani

Mpendwa mtani,

Kamwene. Nimeanza na salamu ya kwenu Uheheni makusudi, usije ukasema Mgogo hana adabu hata akishika kalamu. Makambako hawajambo? Baridi ya huko bado inauma, au mmeshazoeana?

Barua hii nimeiacha wazi, anayetaka kusoma na asome. Ningeweza kukupigia simu, namba yako ninayo. Lakini nilikukosea mbele za watu, na mama yangu ameshikilia kwamba aliyemkosea mtani wake mbele za watu humwomba radhi mbele za watu. Kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo ambayo wewe unayajua. Wapo watakaoyasikia kwa mara ya kwanza.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye barabara ya Kondoa, mwezi wangu wa pili tangu nijiunge na kundi la waendesha baiskeli. Upepo wa kiangazi ulikuwa unanipiga usoni, wenzangu wameshaniacha, na mimi nahesabu nguzo za umeme nijue kutoka nguzo hadi nguzo pedali inazunguka mara ngapi. Wewe ukanifikia. Hukunisalimu. Ukauliza, "Dada, kabila gani wewe?" Nikajibu, "Mgogo." Ukachomoa chupa ya maji kwenye baiskeli yangu, ukanywa yote, ukanirudishia tupu.

"Mimi Mhehe," ukasema. "Na kuanzia leo sikuiti tena dada. Maji mengi yatakudhuru, hamjayazoea nyie."

Asiyejua utani angedhani ni ugomvi. Mimi nilicheka mpaka nikashuka kwenye baiskeli. Kati ya Wagogo na Wahehe mambo ndiyo hayo tangu enzi za mababu: mtani atachukua chako, atakusema, atakutukana, na kununa hakuruhusiwi. Mimi fundi cherehani, siku nzima nasikia "dada naomba", "dada samahani, gauni langu tayari?" Sikujua kama nilikuwa na hamu ya mtu wa kunisema.

Halafu vikaja viatu vya magurudumu. Nilivikuta soko la Sabasaba kwenye fungu la mitumba, jozi mbili, kila kiatu na magurudumu manne yaliyopangwa kwa mstari mmoja. Muuzaji mwenyewe hakujua ni vya kazi gani. Unanijua nilivyo, kitu nisichokijua lazima nikifungue. Usiku huohuo hapana, kesho yake mchana, dukani, wateja wananisubiri, nilitoa beringi moja moja, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikazipaka mafuta ya cherehani. Zikazunguka vizuri ajabu. Kitu kimoja tu sikukiona: ile breki ya mpira ya kisigino ilikuwa imekatika kwenye viatu vyote.

Hilo tuliligundua pamoja, wewe umevaa jozi ya pili, kwenye lami mpya nje ya mji, tukiwa katikati ya mteremko na kundi la mbuzi linavuka mbele yetu. Mimi nikajitupa majanini. Wewe ukamkumbatia beberu. Mzee mwenye mifugo alikutazama akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, huyo naye hana breki." Mpaka leo nikipita pale peke yangu nacheka, na wapita njia wananishangaa.

Ila magurudumu yale yalinifundisha kitu ambacho sikuwa nimekitegemea. Baada ya miezi mitatu nilipanda mlima wa Chenene kwa baiskeli bila kushuka hata mara moja. Nilijiuliza sana. Kwenye baiskeli mguu unasukuma chini, kwenye magurudumu unasukuma pembeni, sasa nguvu ya pembeni inaingiaje kwenye pedali? Nikakuuliza wewe kwa sababu ni muuguzi, nikijua utanijibu kitaalamu. Ukanibonyeza nyonga kwa kidole mbele ya kundi zima. "Ni msuli wa hapa, Mgogo. Ulikuwa umelala tangu uzaliwe, sasa umeamka umekuta dunia imebadilika." Jibu lilikuwa sahihi, nilikuja kulihakiki baadaye.

Kocha wetu, yule mwalimu mstaafu, alipoleta habari za mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, vyote mfululizo bila kupumzika, nilijiandikisha kabla hajamaliza kusoma tangazo. Nilidhani miwili ninayo, wa tatu nitaupata tu. Wewe ulicheka. Umekulia Mtera, upande wa Iringa, na ulituapia kwamba mlijifunza kuogelea mamba wakiwatazama. Mimi nimekulia Haneti. Maji nayajua ya kwenye ndoo, na hayo ya ndoo nayo tulikuwa tunagawana kwa kikombe.

Hata vazi la kuogelea nilijishonea mwenyewe, kutoka kitambaa kilichobaki cha suruali za wanafunzi. Nilikipima vizuri, nikakipiga pindo mara mbili, nikaringa nacho mpaka ukingoni mwa bwawa la ile hoteli. Nilipoingia, upepo wote ukabaki ndani ya suruali, makalio yakaelea, kichwa kikaenda chini. Ulinivuta kwa ukosi ukaniuliza, "Mgogo, umeshona nguo au hema?"

Miezi miwili sikuweza kuvuka bwawa lile. Kocha alikuwa anarudia, toa pumzi ndani ya maji, toa pumzi. Kichwa kilielewa, kifua kilikataa. Nilikuwa naibana pumzi mpaka masikio yanapiga kelele. Wewe ndiye uliyeniponya, na sidhani kama ulikusudia. Ulichuchumaa ukingoni, na kila nikitaka kuzamisha uso unanirushia neno. Siku moja ukasema, "Nenda, nenda, ukizama nitawaambia wa kwenu umeolewa na kambale." Kicheko kikanitoka nikiwa nimeshazamisha uso, mapovu yakapanda, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimefika upande wa pili.

Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichofanya kazi. Nikajaribu kuhesabu majini, nikajaribu kuimba pambio la kanisani moyoni, nikajaribu kuwaza mishono. Wapi. Ni kicheko tu kilichoitoa ile pumzi. Nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, chini ya kiuno cha mteja mmoja: "Kucheka ni kutoa hewa. Mwulize mtani kwa nini." Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu baba alifariki wiki ileile.

Hapa ndipo pagumu kuandika.

Ulikuja Haneti na wenzetu wa kundi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mama, siku ya tatu sijala wala sijatoa chozi. Nikakuona unaingia ndani. Ukatoka umevaa koti la baba na kofia yake, unasukuma baiskeli yake ile nyeusi, na unaigombeza kama yeye alivyokuwa akiigombeza kila alipopeleka mtama sokoni: "Twende, wewe! Umelala, umeamka, umepakwa mafuta, leo unaniambia habari za mlima?" Mtani, ulimwona baba mara mbili tu. Ile sauti uliipata wapi? Hata kile kikohozi chake cha kabla ya kusema ulikiweka mahali pake. Ukafika mbele ya jeneza ukasimama. "Tazameni Mgogo mvivu huyu! Kalala mchana kweupe, na wageni hawajapata hata maji!"

Wazee wakacheka. Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Na mimi nikasimama nikapiga kelele, "Toka! Huna haya? Hapa ni msibani, siyo bwawani kwenu. Toka hapa!"

Najua, na kila aliyekuwepo alijua, kwamba wewe ndiye uliyekuwa kazini. Mtani huja msibani kwa shughuli hiyohiyo, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, na hakuna mtoto wa Kigogo asiyelijua hilo. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi, nikauona uchungu wangu mkubwa kuliko desturi yetu. Ulivua koti, ukalikunja mikono ikiwa ndani kama nikunjavyo dukani, ukaliweka juu ya tandiko la baiskeli, ukasema "Poleni sana wafiwa" kwa sauti ya muuguzi, ukaenda barabarani kusubiri basi. Hukummwagia baba udongo.

Mama hakunigombeza siku ile. Aliniambia baada ya arobaini, tukichambua mboga. "Mwanangu, ulimfukuza mtu aliyekuja kutufanya tuheme."

Nikakuandikia ujumbe, nisamehe. Nilikaa nimeishika simu nikingoja unitukane. Ukajibu, "Usijali dada, ni uchungu tu. Mungu akutie nguvu." Dada! Niliusoma ujumbe ule dukani, nikafunga mlango, nikalia kilio ambacho sikukilia msibani. Matusi yako yote hayajawahi kuniumiza kama lile neno moja la heshima. Mwezi uliofuata nikasikia umepata uhamisho. Nimejiuliza mara nyingi, uliuomba au ulikuja tu wenyewe? Sitakulaumu kwa jibu lolote, nataka tu kujua.

Nikupe habari zangu za mazoezi. Baiskeli naenda vizuri, Haneti nafika na kurudi siku moja, nikiwa nimechoka lakini nina akili zangu. Magurudumu nimeyatengenezea breki kwa kipande cha tairi, na inashika. Kukimbia si haba. Maji ndiyo yamenigeuka. Mashindano ya kwanza yalitaka mizunguko ishirini ya bwawa, na mimi kwenye mzunguko wa nne kifua kilifunga. Nikang'ang'ania kamba, nikatoka. Watu wakanipigia makofi. "Pole dada, umejitahidi." Kila mmoja kanipa pole yake, na kila pole ilinizidishia uzito.

Tangu hapo nafanya majaribio. Najitukana mwenyewe kwa sauti yako, na kwa njia hiyo nimefika mizunguko kumi na mmoja. Lakini mtu hawezi kujishtukiza. Tusi nimeshalijua kabla halijafika, kwa hiyo kicheko hakiji. Ni juzi tu, nikiwa nimeshika ukingo wa bwawa nahema, nilipoelewa mama alimaanisha nini. Msibani pia nilikuwa nimebana pumzi siku tatu, na wewe ulikuwa umechuchumaa ukingoni mwangu. Samahani, mtani. Nilikosa. Sikukosa kwa kulia wala kwa kuumia, nilikosa kwa kukuzuia wewe kunisaidia, na kwa kukuaibisha mbele ya wazee wangu.

Wazee wameshakaa. Faini yangu ni jogoo mmoja, na mama ameshamchagua, mwekundu, mkorofi, anasema mnafanana. Baada ya jogoo natakiwa nikae chini mbele za watu, wewe usimame, useme yote uliyoyameza tangu siku ile, na mimi nisijibu. Kisha mama ana ombi lake. Anasema baba ulimwacha katikati ya mlima, hukumfikisha sokoni, na hiyo haifai kwa marehemu. Koti lipo. Anataka ulivae umalizie.

Mashindano ya pili ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, hapo hapo bwawani. Mabasi ya kutoka Makambako unayajua kuliko mimi. Sikulazimishi. Kama moyo wako bado mzito, nitaelewa, na jogoo ataendelea kula mtama wetu mpaka utakapokuwa tayari. Lakini naomba uje. Sitaki makofi yako wala dua zako njema, ninazo za kutosha. Nataka ukae pale ukingoni na mdomo wako mchafu.

Nitaingia majini, mtani, na nikigusa ukuta kwenye kila mzunguko nitainua kichwa kusikiliza. Nikisikia "hongera dada" kutoka kila upande, nitajua hukuja.

Msalimie baridi. Nakuaga kwa adabu, na adabu hiyo iwe ya mwisho kati yetu.

Ni mimi mtani wako,
Mgogo wa Haneti