Kaushio Lililowahi Kabla ya Wateja

Kaka yangu Gervas,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako haipatikani tangu uvuke kwenda Msumbiji. Huenda msomaji mmoja anakufahamu.

Nipo bwenini, Mbinga. Wenzangu wako uwanjani, mimi nimebaki na daftari.

Unakumbuka likizo ile tulipotengeneza kaushio la usipa, dagaa wa ziwani kwetu, nyumbani kando ya ziwa? Ulikunja bati ukapata sanduku, nikashikilia nailoni juu yake wewe ukigongelea misumari. Dagaa wetu wakakauka kwa jua bila chembe ya mchanga. Jirani yetu Mama Frida akaja kuchungulia.

"Jamani Gervas! Hawa usipa umewajengea nyumba ya bati, mama yako bado yuko kwenye ya nyasi?"

Watu walicheka, na wewe ukacheka. Baadaye nilikuona ukiifuta ile nailoni polepole, ingawa haikuwa na vumbi.

Hakuna aliyeagiza. Wachuuzi walilipa bei ileile kwa usipa safi na kwa wale walioanikwa mchangani. Ukaniuliza, "Wewe unayesoma, unaonaje?" Nikajibu, "Ni zuri, Kaka, ila hakuna anayelihitaji." Wiki hiyohiyo ukafunga mzigo.

Juzi mwalimu wa uchumi alitufundisha kwamba ubunifu wa taifa hautegemei vichwa vya watu wake peke yake. Wananchi wakiwa na fedha ya kununua kilicho bora, mbunifu hupata sababu ya kuendelea. Mifuko ikiwa mitupu nchi nzima, hata wazo zuri hufia uani. Akauliza nani ana mfano. Mimi nilikuwa nao, lakini sikunyoosha mkono. Ningesema nini, kwamba ni mimi niliyekuvunja moyo?

Nilikosea, Kaka. Majirani walilihitaji siku zote. Walichokosa ni mnunuzi wa kuwalipa kwa usafi ule. Sasa wanunuzi wanatoka mbali, wanakataa mchanga na kuongeza bei. Likizo iliyopita Mama Frida alifika hata chai hatujanywa.

"Mwanangu, fundi wetu anarudi lini? Nataka mawili."

Safari hii hakutania.

Likizo hiyohiyo nilijaribu kutengeneza moja mwenyewe. Mlango haufungi vizuri, na usipa wanalowa kwa mvuke kwa sababu sijui uliweka wapi matundu ya hewa. Nimepekua maktaba yote ya shule. Hakuna kitabu kinachosema.

Nisamehe kwa neno lile. Kama bado una kinyongo, niandikie tu matundu yanakaa wapi, nami nitajitahidi. Lakini likizo nzima watu walisimama uani wakiita, "Fundi! Fundi!" Kila mara nilitoka mimi, nikasema hayupo.

Ubaki salama huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako