Nguzo za Chama na Tundu la Ukutani

Mtaa wa Medhane Alem,
Debre Birhan.
12 Meskerem 2017

Mpendwa dada yangu Yewubdar,

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia wewe na wakazi wote wa Oslo kwamba tundu lililokuwa kwenye ukuta wa karakana yangu limezibwa rasmi leo asubuhi, kwa udongo, majani makavu na masimango ya mke wangu Mulumebet. Hakuna aliyeumia, ila heshima yangu bado inachechemea.

Sasa salamu, kabla hujanikemea. U hali gani? Mgongo je? Watoto hawajambo? Baridi ya huko imeanza kuuma, au bado inanoa meno? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mvua zimekatika, maua ya njano ya mwaka mpya yamejaa kandokando ya barabara, na Mulumebet ameanza kunichekea tena tangu upepo ukome kuingia jikoni kwake. Juzi nilipita kaburini kwa mama yako, ambaye sisi wa mtaa sote tulimwita mama. Nyasi zimeota vizuri, na mbuzi hawajafika.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza uani, kisha nikausikiliza tena jikoni mlango ukiwa umefungwa. Unasema mama alikaliwa matanga siku ya kwanza bila turubai la maana, mvua ikinyesha, kama mtu asiye na chama, ilhali hakuna msiba wa mtaa huu ambao yeye hakuupikia. Unasema wa kulaumiwa ni mzee wetu Gashe Demissew, mtunza mali wa chama chetu cha kuzikana. Arobaini ikifika asikanyage uani kwenu, na mimi nikodi turubai la mjini, lile la miguu ya chuma.

Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe hulia nami hudanganya. Ndiyo maana naandika, na barua anakuletea binti ya Tsige anayesafiri kesho. Kabla sijakodi chochote, dada, nivumilie nikueleze habari ya lile tundu. Si ya upuuzi kama nilivyoianza.

Unaikumbuka mashine yangu ya leza, ambayo uliniuliza kama inaweza pia kupasha moto mkate wetu wa injera? Meza yake haizidi sana sinia la vikombe vya kahawa. Vijiko, vibao vya milangoni, visanduku vya uvumba, vyote inaviandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani wa kanisa. Nilijivuna nayo mno. Hilo ulilijua, ulikuwa ukinicheka.

Mwanzoni mwa mvua Gashe Demissew alinijia na malalamiko. Kila misiba miwili ikiangukia siku moja, nguzo zetu za turubai, zile za mkaratusi, huondoka na chama cha mtaa wa chini na hazirudi. Akizipaka rangi, wenzetu wanaikwangua.

"Wewe Aschalew si unaandika kwa moto?" akasema. "Basi ziandikie jina. Moto haukwanguliwi."

Nikaitazama nguzo. Ilikuwa ndefu kuliko mashine, ndefu kuliko chumba, na nikisema kweli, ndefu kuliko akili yangu. Nikamjibu, "Gashe, hiyo kwangu ni kazi ya kuchezea."

Na kweli inawezekana. Mashine ukiiondolea vibao vya mbele na nyuma, mti mrefu unapita chini yake kama uzi kwenye sindano. Unachoma neno moja, unausukuma mti, unaulinganisha na alama ya penseli, unachoma la pili. Shida ilikuwa chumba. Ncha moja ikaingia jikoni kwa Mulumebet, na ya pili nikaitobolea ukuta, ikatokeza uani kwa jirani yetu Etiye Dinknesh. Naye alipoona mti mzuri umejileta, akauanikia mablanketi. Mimi ndani nimeinama nasubiri neno liishe, mti ukaruka. "Alem" likampanda "Medhane" mgongoni kama mlevi anayepanda punda.

Nikapiga kelele tunduni, "Etiye! Huo mti ni wa msiba!"

"Basi nani kafa?" akajibu. "Akifa mtu nitaanua!"

Siku ile nilicheka.

Gashe alikuwa na sharti lake: nguzo mbili zikirudi, ndipo mbili zitoke. Kifo hakitoi taarifa, alisema, na stoo isilale tupu. Nami nilichoka kusukuma, na aibu ya yale maneno yaliyopandana ilinikera. Nikapata wazo. Nguzo zikatwe katikati, kila nusu iandikwe vizuri mezani, kisha fundi wa kuchomelea atengeneze vipande vya bomba vya kuziunganisha. Nilimweleza kama mtu aliyevumbua gurudumu.

Gashe akanisikiliza hadi mwisho. "Nguzo iliyokatwa ni kuni," akasema. "Sitaki." Siku chache baadaye akaenda Addis kutibiwa jicho.

Hapa ndipo nilipofika kila nilipojaribu kukuandikia, kisha nikahamia habari za hali ya hewa. Leo hali ya hewa nimeshaimaliza mwanzoni.

Nilikwenda kwa mkewe, Etiye Tiruwork. Nikamwambia Gashe amekubali nizichukue zote. Hakuniuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyewapelekea wazee habari ya uchumba wa binti yake, aniulize nini? Alinipa ufunguo wa stoo na kipande cha mkate wa moto. Mkate niliula njiani. Nguzo zote nikazibeba, zote nikazikata, na maandishi, dada, yalitoka mazuri ajabu. Nilikuwa nimepanga Gashe akirudi azikute zimesimama, aseme, "Kumbe!" Vipande vya bomba vilikuwa kwa fundi, na umeme ulikuwa umekatika.

Alfajiri mpiga tarumbeta wa chama akapita mtaani akitangaza msiba. Nilitoka na shuka begani kusikiliza ni nani. Alitaja jina la mama yako.

Sitakudanganya kwamba nililia kwanza. Kwanza niligeuka nikatazama lile rundo la nguzo nilizokata.

Wanaume walikwenda stoo wakakuta turubai peke yake, nguzo hakuna, wakaja kwangu. Worku, yule mwenye tarumbeta, akazisukuma nusu zile kwa mguu. "Umetufungulia duka la kuni?" akaniuliza. Hakuna aliyecheka. Wote walidhani Gashe aliniruhusu. Nami nikawaacha wadhani.

Tulipotoka kuzika, mvua ikaja na mawe yake. Wanawake na wazee walikuwa wameketi uani kwenu, kwa hiyo tukalishika turubai kwa mikono, wanaume kulizunguka, warefu wakijikunja na wafupi wakisimama kwa vidole. Maji yakajaa katikati, likawa tumbo la ng'ombe. Ndipo Gashe Demissew akaingia langoni akitoka stendi, jicho moja limefungwa bandeji. Wakamrukia kwa maneno: nguzo za chama, nani katoa? Mama wa watu wote anakaliwa matanga hivi?

Etiye Tiruwork akainamisha kichwa. Gashe akamtazama mkewe, kisha akanitazama mimi kwa lile jicho lililobaki. Nilikuwa kwenye kona, mikono juu, kinywa kimefungwa. Alijua. Hakuhitaji jicho la pili.

"Ufunguo ni wangu," akawaambia. "Stoo ikiwa tupu, ni mimi."

Akavua kofia, akaenda katikati, pale inaposimama nguzo kubwa, akainua turubai kwa mikono miwili. Maji yalimshuka mikononi hadi kwapani. Nilimfuata nikamwambia, "Gashe, jicho lako. Nipe hapo nishike mimi."

"Wewe rudi kwenye kona yako," akasema. "Na usiikate."

Alisimama hapo mpaka ngano ya kuchemsha ikagawiwa na wazee wakaondoka. Siku ya pili alikwenda mwenyewe kuomba turubai la mtaa wa chini, watu aliogombana nao miaka yote. Lile ulilolisifu kwenye picha ndilo hilo. Na nguzo yake ya mlangoni, ukitazama vizuri, chini ya rangi yao ina rangi yetu. Sote tuliiona. Nani angefungua kinywa?

Sasa unajua. Mama yako hakukosa turubai kwa sababu ya Gashe Demissew. Alilikosa kwa sababu yangu, na lile kidogo alilopata lilishikwa na mikono ya Gashe Demissew. Jumapili baada ya kanisa chama kinakutana, nami nitasema haya mbele ya wote, Etiye Tiruwork akiwepo. Nimetaka uyasikie wewe kwanza, kwa kuwa mama ni wako.

Tumekata mikaratusi mipya, mizima, haina maandishi. Gashe amezipaka zile nguzo rangi yake mbaya ya bluu. Nakuomba zisimame uani kwenu siku ya arobaini, na aliyezipaka asimame nazo. Ukiona bado yupo mtu wa kuzuiwa langoni, mzuie anayestahili. Nitaosha vikombe nje, wala sitauliza kwa nini.

Mulumebet anakusalimu, na Etiye Dinknesh pia, ambaye anasikitika kupoteza kamba yake ya nguo. Wabusu watoto, na umsalimu mumeo Fikru. Mungu aliyempokea mama akulaze bila machozi, na akupe moyo mkubwa kuliko kosa langu.

Ni mimi nduguyo ninayekupenda, hata ukikawia kunijibu,

Aschalew